Sauti ya Kavindu Mtoni

Athi River,
6 Julai 2025

Kwa dada yangu Kavindu,

Nakusalimu wewe, namsalimu Mwaitu mama yetu pamoja na magoti yake, nasalimu mbuzi wote wa boma isipokuwa yule beberu aliyekula kola ya shati langu Pasaka. Mimi mzima. Vumbi la saruji huku ni lile lile. Ukipiga chafya unaweza kujenga choo.

Naandika kwa kalamu kwa sababu tangu wezi wabebe betri za mlingoti wa simu huko Ndithini, simu zenu zimebaki kuwa tochi. Wathome amekubali kubeba bahasha kila akileta ndengu soko la Machakos na pikapu yake. Basi utanivumilia, nimekuwa mzee wa kulamba stempu.

Sasa jambo lenyewe. Ndani ya kifurushi kuna mashine ya kijivu, nzito kama tofali dogo. Hiyo ni kompyuta ya mkononi. Zilitumika kwenye ghala moja hapa kuhesabu mizigo, zikaletwa yadi yetu tuzivunje, na bosi akaniruhusu nichukue chache. Zinashika setilaiti bila kuhitaji mlingoti wowote. Zilichokosa ni akili, na akili nimeipata kwingine: kwenye vile vifaa vya kubandika kwenye kioo cha gari vinavyomwambia dereva pinda hapa, nyoosha pale. Waliovitengeneza walijenga juu ya programu ambazo watu wengine walizitoa bure, na sharti la bure hiyo ni kwamba ukichukua, nawe uweke wazi ulichoandika. Kwa hivyo maandishi yote yanayoendesha vifaa hivyo yako hadharani, mtu ayasome, ayabadilishe, ayatumie. Ni mwethya ule ule wetu, Kavindu. Leo mnanilimia matuta, kesho nakuja kuwalimia yenu, na hakuna anayefungia jembe kabatini.

Unajua kwa nini nahangaika. Uchungu ulipomshika Katunge mwaka jana, boda ilitumwa nyumbani kwa mumewe Mwangangi, ikaenda kwa Mwangangi asiye wake, ikazunguka kilima mpaka mtoto akafa njiani. Mke wangu Syombua atajifungua katikati ya Novemba, mtoto wetu wa kwanza, na hataki kuacha wanafunzi wake huko aje kuzalia kwenye vumbi hili. Mimi niko huku. Nataka boda yeyote akiambiwa aende kwa kina Ndunda afike bila kuuliza mtu, na atoke hapo mpaka hospitali kwa njia fupi kuliko zote.

Nina maombi mawili. La kwanza, wewe na wanawake wa kikundi chako mtembee nayo mashine kila njia mnayoitumia, itakumbuka yenyewe. La pili, soma kwa sauti maneno niliyoandika kwenye karatasi, uyarekodi. Sauti iliyokuja na ule mtambo ni ya mama fulani wa Ulaya, mtulivu kupita kiasi. Hakuna boda wa Ndithini atakayemtii.

Mdogo wako,
Ndunda


Ndithini,
25 Julai 2025

Wakya, ndugu yangu!

Itikia "Aa" kama mtoto mwenye adabu anayesalimiwa na dada yake mkubwa, hata kama uko mbele ya watu wa mjini. Najua una haya.

Sisi tuko. Mwaitu anakusalimu, amefunika mashine yako na leso kwa sababu anasema inamtazama akila. Beberu yuko na afya kuliko sisi sote. Mahindi yamekauka mapema, ndengu zimesalimika, tunamshukuru Mungu kwa kile alichokumbuka.

Tumetembea. Kama mhudumu wa afya wa kijiji nimezoea kutembea, lakini hawa wanawake walitembea kana kwamba kuna zawadi. Kila mmoja alitaka njia ya kwake iingie. Tulipita mashambani, tukapita nyuma ya shule, tukapita mchangani ndani ya mto Kyaani kama kawaida, tukaruka ua wa watu wawili ambao sasa hawatusalimii.

Sauti nayo tuliirekodi stoo ya kanisa, maana kwingine kote mbuzi walikuwa wanaingilia mazungumzo. Syombua alinishikia karatasi. Nilisema "pinda kushoto" mpaka ulimi wenyewe ukapinda. Alicheka hadi akakaa chini, akasema nisikuambie alikaa chini. Basi sijakuambia.

Hajambo. Miguu imevimba kidogo, anavaa viatu vya Mwaitu. Ni mambo ya wajawazito, usianze.

Dada yako,
Kavindu


Athi River,
16 Agosti 2025

Kwa Kavindu,

Aa! Nimeitikia, tena kwa nguvu, mpaka mlinzi wa yadi akaniuliza naongea na nani.

Mwambie Mwaitu mashine haioni, kwa hivyo ale kwa amani. Na asante kwa miguu yenu. Nyayo zenu zote nimezipata kwenye ile kadi ndogo uliyorudisha.

Nimepigana nayo wiki mbili nzima. Mtambo huu ulizaliwa ndani ya gari, Kavindu. Unaamini kwamba mtu yuko barabarani wakati wote. Kila mlipokata shamba, ulikuwa unawashika mkono na kuwarudisha kwenye barabara ya murram, ile ya changarawe, kana kwamba mmetoroka nyumbani. Nilisoma maandishi hayo mstari kwa mstari nikitafuta ni wapi panaposema hivyo, nikapapata, nikapafuta. Sasa unaamini miguu yenu kuliko barabara ya serikali.

Na tazama mlichonipa. Kwa murram, kutoka nyumbani hadi hospitali ni kuzunguka kilima chote. Kwa njia yenu ya mchangani ndani ya Kyaani, ile tuliyokuwa tukipita kwenda shule, ni nusu ya mwendo. Nilipoona mtambo wenyewe unaichagua bila kuambiwa, nilikwenda nikanunua chai na mandazi, nikala peke yangu nikitabasamu kama mjinga.

Mpe Musili mashine hii ya pili, ile yenye kishikio cha kufunga kwenye pikipiki na waya wa kuweka sikioni ndani ya helmeti. Yeye ndiye boda ninayemwamini. Ajaribu.

Lakini umeandika miguu imevimba. Wamempima presha kliniki? Niambie namba walizoandika.

Ndunda


Ndithini,
9 Septemba 2025

Wakya, Ndunda,

Tuko salama. Mwaitu magoti yamempa likizo, juzi alikwenda kanisani kwa miguu na akarudi akilalamikia mahubiri, ndipo nikajua amepona.

Ngoja nikuchekeshe na Musili. Siku ya kwanza alikataa kabisa. "Mimi niko na macho. Nizaliwe hapa, nifundishwe njia ya kwetu na redio?" Akawasha pikipiki, akaenda kwa kasi yake ya kichaa, na sauti yangu ikamwambia sikioni: "Punguza mwendo." Alikanyaga breki akakaribia kuruka mbele. Akarudi ameshika helmeti mkononi, ananiuliza, "Kavindu, kwani uko ndani?" Unajua mimi hawa vijana wa boda nawagombeza tangu niwakute wamebeba mama mwenye mimba na gunia la makaa pamoja. Wamenizoea. Sasa Musili anaitii hiyo mashine kuliko mkewe. Juzi ilimzungusha kwa Kitonga bure, nikamuuliza, "Wewe, si ungekata tu hapo nyuma ya shule, unajua njia?" Akanijibu, "Na si ni wewe ulisema ninyooshe?" Tulicheka mpaka machozi.

Nilipomaliza kucheka nikapata wasiwasi, na ndio nauleta kwako. Njia ya mchangani ni ya kiangazi. Mvua ikija, Kyaani ni mto. Hata hapa kusiponyesha tone, ikinyesha kule milimani maji hufika yakiwa yamesimama wima. Ndiyo sababu watu wa kwa Kasyoki kule juu wakiona maji hupiga ukemi, ule ukelele wa hatari, na kila boma linapokeza mpaka chini kwetu. Wewe ulizaliwa humu, sihitaji kukufundisha. Mashine haikuzaliwa humu. Umeiambia?

Syombua yuko vizuri. Anakula muthokoi vizuri. Mambo ya kliniki ni ya mwenyewe, muulize yeye.

Kavindu


Athi River,
28 Septemba 2025

Kwa dada Kavindu,

Aa. Salamu zangu kwa wote. Huku tumepata mkubwa mpya wa yadi ambaye anatembea amefunga mikono nyuma, kwa hivyo natembea hivyo pia akiwa hayupo.

Nilikuuliza presha, ukanijibu muthokoi. Nimemwandikia Syombua mwenyewe, naye amenijibu ukurasa mzima kuhusu wanafunzi wa darasa la nne, ati wamejifunza kugawanya. Hamjaniambia uongo. Ni kwamba ninyi wawili mmekaa upande mmoja wa jambo, na mimi mmeniacha upande wa pili.

Kuhusu mto, usiwe na hofu, nimepata dawa, tena humo humo ndani ya mtambo. Kuna mtu wa nchi za baridi, simjui hata jina, aliyeandika sehemu ya kufunga barabara za milimani wakati wa theluji. Unaweka tarehe ya kufunga na tarehe ya kufungua, basi, mtambo haulipitishi gari huko. Nikafuta theluji, nikaandika mvua. Hebu fikiria, mtu amekaa kwake anatetemeka na baridi, anatusaidia mambo ya Kyaani. Nimeweka mto ufungwe tarehe mosi Novemba na ufunguliwe mwishoni mwa Januari. Kadi mpya iko ndani ya bahasha, mpe Musili aichomeke.

Likizo yangu inaanza tarehe tatu Novemba. Nitakuwa nyumbani kabla ya mtoto. Mwambie Syombua hivyo, na umwambie kugawanya ni kuzuri lakini nataka namba zingine.

Ndunda


Ndithini,
15 Oktoba 2025

Ndugu yangu,

Leo sina salamu ndefu. Mwaitu mzima, nyumba nzima.

Nilimwahidi Syombua nisiseme, na leo navunja ahadi. Presha yake imepanda tangu Agosti. Kliniki walimpa vidonge, ikashuka, wiki hii imepanda tena na kichwa kinamuuma, na jana aliniambia ubao unametameta akiandika. Daktari amesema dalili yoyote, hata ndogo, apelekwe hospitali mara moja, asingoje uchungu wala tarehe. Aliogopa kwamba ungeacha kazi ukaja kabla mkubwa mpya hajakuzoea, ukakosa kazi na yeye akawa sababu. Nikamwelewa. Sasa nimechoka kumwelewa.

Musili nimemweka tayari. Mashine imefungwa kwenye pikipiki, nimeijaribu mwenyewe, inajua nyumba na inajua hospitali.

Hapa kwetu ni jua tu. Lakini jioni naona upande wa milimani pamekuwa peusi kama chungu.

Usingoje tarehe tatu. Njoo.

Kavindu


Athi River,
18 Oktoba 2025

Kavindu,

Barua yako Wathome amenipa saa hii, naandika juu ya boneti ya gari lake na injini inanguruma.

Sikia. Usimpe Musili ile mashine. Itoe kwenye pikipiki, itoe kadi, ifungie kabatini. Mto nimeufunga kuanzia mosi Novemba, na leo si Novemba. Milimani kumenyesha tangu jana, nimeona mawingu kutoka hapa. Mtambo hauangalii mawingu, dada, unaangalia kalenda. Mpaka leo unaamini Kyaani ni barabara. Yule mtu wa theluji aliandikia nchi ambayo theluji yake inakuja kwa tarehe, na mimi nikachukua kalenda yake nikawafungia mto wetu nayo.

Apite murram. Hata kama ni mbali, apite murram.

Naomba ruhusa kesho asubuhi kwa mkubwa. Asiponipa nitakuja bila ruhusa.

19 Oktoba

Wathome amerudi na barua hii mkononi. Kivuko cha kuingia Ndithini kimefunikwa na maji, magari yote yamegeuzwa. Kwa hivyo hamjaisoma. Wala sijui naandika kwa ajili ya nani sasa, ila nikiacha kuandika nitaanza kufikiri.

Naondoka naye. Tutalala kivukoni mpaka maji yashuke.

Ndunda


Ng'ambo ya Kyaani,
22 Oktoba 2025

Kavindu,

Nakuona. Umevaa leso yako ya bluu na umesimama karibu na mgunga ulioanguka. Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka, na mto unakula yote. Nimekuona ukipunga mkono, ukaweka mkono kifuani, ukapunga tena, na sijui maana yake ni nini.

Natia karatasi hii ndani ya pakiti ya maziwa pamoja na jiwe. Wathome anasema bado anakumbuka kutupa kombeo.

Usipunge. Andika. Yuko hai?

Ndunda


Hapa ng'ambo yako,
22 Oktoba

Yuko hai. Nimeanza na hilo ili uketi chini. Naona umeketi.

Yuko hai na mtoto yuko hai, ni msichana, mdogo, analia kama paka. Wako hospitali. Syombua alipata degedege baada ya kujifungua, wakamchoma sindano, akalala siku mbili bila kutujua. Jana alifumbua macho akauliza kama darasa la nne wana mwalimu. Ndiyo maana sikutuma mtu azunguke milima na barua. Kila nikishika kalamu sikujua kama naandika habari za mtu aliye hai, na sikutaka barua iseme yuko hai halafu mimi niwe nasema vingine. Nisamehe kwa siku ulizokaa gizani.

Sasa nikuambie yote, maana maji haya hayatashuka leo, na ni afadhali uyasikie kwangu.

Ilikuwa Jumamosi, mchana, jua kali. Kichwa kilimzidi, akatapika, nikamwita Musili. Nilimpandisha mwenyewe nikamfunga na leso yangu kiunoni. Nilimwambia Musili, "Nenda polepole lakini usisimame." Sikusema murram, sikusema mto. Mchanga ulikuwa mkavu, hata mimi ningepita hapo, na nilijua wewe umeshughulikia. Nilibaki kufunga nguo za mtoto niwafuate.

Hawajafika mbali nikasikia ukemi. Kwa Kasyoki walianza, boma la pili likapokea, la tatu likapokea. Mwaitu na magoti yake alitoka jikoni akapiga wa kwake mpaka akashikilia mlango. Mimi nilikimbia kuelekea ukingoni nikipiga wangu. Ndunda, sijawahi kupiga ukemi namna ile. Nilimwona Musili kule chini mchangani, yuko katikati, anakwenda polepole kama nilivyomwagiza, na hageuki.

Hakunisikia kwa sababu alikuwa ananisikia mimi. Sauti yangu ilikuwa sikioni mwake, ndani ya helmeti, inamwambia nyoosha, endelea, nyoosha. Mimi niko ukingoni nampigia kelele atoke, na mimi niko sikioni nampeleka.

Musili ameniapia kwamba aliona mchanga umebadilika rangi kwa mbele na moyo ukamwambia atoke. Kisha nikasema nyoosha, akanyoosha. Mtu aliyezaliwa kando ya huo mto!

Aliyesikia ni Syombua. Yeye hakuwa na helmeti, kichwa kilikuwa kinamuuma sana hakuivaa. Alianza kumpiga Musili mgongoni kwa ngumi. Musili akadhani ni uchungu umemzidi, akaongeza mwendo. Mungu wangu, akaongeza mwendo! Basi Syombua akaishika ile helmeti kwa mikono miwili, akaing'oa kichwani kwa mtu pikipiki ikiwa inakwenda. Walianguka wote wawili. Na masikio ya Musili yalipopata hewa akasikia kijiji kizima kinalia.

Musili alimburuta Syombua mpaka kwenye mizizi ya ukingo. Mkono wake mmoja ulivunjika, sijui kama alijua wakati ule. Maji yakafika. Pikipiki ilizungushwa mara moja tu, ikaenda na taa zake zinawaka, na mashine yako juu yake. Musili anasema aliisikia helmeti ikisema mpaka mwisho. Sijui kama inawezekana. Nimemwomba asilisimulie hilo tena.

Wanawake wa kikundi walimbeba Syombua kwa mlango wa stoo ya kanisa, juu ya kilima, kwa zamu, mpaka hospitali. Ule mlango, Ndunda, ni wa chumba kile kile nilichorekodi.

Sikulaumu. Nilikuuliza kama umeiambia mashine habari za mto, ukaniambia umeiambia, nami nikataka kuamini kwa sababu ilikuwa rahisi. Na wewe uliniuliza presha, nikakupa muthokoi. Tungekuwa tumeambiana mapema, ungekuwa hapa Oktoba yote, ungemwambia Musili kwa mdomo wako.

Lakini nakuomba hili. Futa sauti yangu. Toa kila neno nililosema. Nisikie mtu mwingine akiwaelekeza, hata yule mama wa Ulaya.

Maji yakishuka, usikimbilie kuvuka. Ngoja mpaka uone nimevuka mimi.

Kavindu


Athi River,
30 Novemba 2025

Kwa dada yangu Kavindu,

Aa, hata kama hukunisalimu safari hii. Nakusalimu wewe na Mwaitu, na namsalimu Ndila mdogo aliyebeba jina la Mwaitu na ambaye, kwa jinsi alivyonifinya kidole siku ya kuondoka, amebeba na mkono wake. Mwambie Syombua kwamba mkubwa mpya hakunifukuza. Alifunga mikono nyuma, akaniuliza mtoto ana kilo ngapi, akanirudisha kazini. Mwambie Musili kikundi cha yadi kimechanga cha kumsaidia kupata pikipiki nyingine, na mkono upone kwanza.

Niliketi na mtambo huu tena. Nilitaka kuufuta wote. Halafu nikamkumbuka Katunge, na mtoto wake, na yule Mwangangi asiye wake. Mwendesha boda ambaye haijui nyumba bado yupo, na mama mwenye uchungu bado yupo.

Njia ya mchangani nimeiondoa, kiangazi na masika, haimo tena. Atakayetaka kupita huko apite kwa macho yake na kwa jukumu lake.

Sauti yako sikuifuta. Hasira zako nimezitarajia, nisikilize kwanza. Niliwauliza boda wale wengine wa sokoni, wakasema wakisikia sauti nyingine wataitupa mashine kichakani. Wewe wanakuamini. Kosa halikuwa kukuamini, lilikuwa kwamba hukujua kunyamaza. Kwa hivyo nimeandika kitu kipya ambacho hakimo popote kwenye ule mtambo wa magari. Mtu akikaribia Kyaani au kijito chake chochote, unasema mara moja tu, "Toa helmeti, sikiliza." Kisha unanyamaza. Hutasema neno lingine mpaka awe ng'ambo, hata akipotea, hata akizunguka. Naomba unirekodie hayo maneno matatu. Ukikataa nitaelewa, nitaacha kimya peke yake.

Jambo moja zaidi. Kwa sharti la ule mwethya, nilichobadilisha nimekiweka hadharani kama walivyofanya wao. Wiki hii mtu mmoja wa nchi za baridi, sijui kama ndiye yule wa theluji, ameniandikia. Ameisoma kazi yangu, anaisifu, lakini anasema amepata kosa. Anauliza kwa nini mtambo unanyamaza kwenye mito, mahali ambapo msafiri anahitaji maelekezo kuliko kwingine kote. Anataka kunisaidia kuirekebisha.

Nimeanza kumjibu mara nyingi na kufuta. Nimjibu vipi?

Ndunda


Ndithini,
14 Desemba 2025

Wakya, baba Ndila!

Tuko wazima. Mtoto ameongezeka, beberu amejaribu kula shali yake na Mwaitu amempiga kwa mwiko. Syombua presha imeshuka, namba nimeziandika nyuma ya karatasi hii zote, tangu Agosti hadi jana, usome mpaka uchoke.

Niliposoma kwamba hukufuta sauti yangu niliirusha barua chini. Syombua akaiokota, akaisoma, kisha akanisindikiza stoo ya kanisa. Walishaurudisha mlango. Nimesema maneno matatu, yako kwenye kadi. Nilitaka kuyarudia yatoke vizuri zaidi, lakini Syombua akasema yaache hivyo yalivyo, na kutetemeka kwake.

Huyo mtu wa baridi mjibu kwa heshima, maana katusaidia. Mwambie si kosa. Mwambie huku juu ya mto kuna watu, na wakiona maji watamwita.

Dada yako,
Kavindu